Keneli ya zamani usiitupe: mwongozo kamili wa kuishi na keneli zaidi ya moja kwenye Ubuntu na Linux Mint

Wakuu habari za muda. Mimi nina steshenari ndogo hapa Nkuhungu, Dodoma, mashine tatu za deskitopu zile za mtumba, zote zinaendeshwa na mfumo wa Linux Mint 21.3 kwa sababu leseni ya Windows sikuwa na hela yake na hizi za bure zinachapa vizuri tu. Machi 2024 mvua zimechanganya, niko naapdeti mashine namba mbili jioni, ikafika pale inapofunga (yaani inapoinstoli) keneli mpya, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, paap, umeme ukakatika. Deskitopu haina betri, UPS sina, yaani hapo kosa langu mwenyewe. Umeme ukarudi, mashine ikawaka kama kawaida nikasema afadhali. Ikaniletea ujumbe kwamba dpkg, programu inayoinstoli programu nyingine, ilikatizwa nikaupuuza, afu usiku nikachezea mipangilio ya menyu ya kuwashia nikaendesha `sudo update-grub`, nikazima nikalala.

Asubuhi wanachuo wawili wa UDOM wananisubiri na flashi zao, nawasha, skrini nyeusi maandishi meupe, mstari wa chini kabisa unasema:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Kuna mama mmoja anauza zabibu hapo nje alikuwa amekuja kuskani kitambulisho, akachungulia akasema, "Mwanangu, mashine imekufa?" Nikamwambia hapana mama, imezimia tu. Ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika hata kidogo. Kilichoniokoa ni kwamba keneli ya zamani ilikuwa bado ipo kwenye diski, nikaichagua kwenye menyu, dakika moja mashine iko hewani, watu wakachapa kazi zao.

Bibi yangu kule Mvumi alikuwa hauzi uwele wa mwaka jana mpaka auone wa mwaka huu umeshaingia kwenye kihenge. Keneli nazo ziko hivyohivyo, na mwongozo huu wote ni kuhusu hilo: jinsi ya kubaki na iliyokwisha kupimwa, kuijaribu mpya, na kufagia zilizozidi bila kujikata mguu.

Keneli ni nini na kwa nini zinajazana

Keneli ndo ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoongea na diski, kadi ya waifai, kibodi, kila kitu chenye waya. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland, na mpaka leo inatoka mpya kila baada ya miezi miwili mitatu, ila sisi watumiaji wa Ubuntu na Mint hatupewi kila inayotoka, tunapewa toleo moja linalorekebishwa tu matundu ya usalama. Ubuntu 22.04, na Mint 21 iliyojengwa juu yake, ilikuja na 5.15. Ubuntu 24.04 na Mint 22 zikaja na 6.8.

Sasa programu ya kawaida ukiiapdeti, mpya inakaa juu ya ya zamani, ya zamani inakufa. Keneli sio hivo. Namba ya toleo iko ndani ya jina lenyewe la pakeji (kifurushi cha programu), kwahiyo mfumo unaiona kama kitu kingine kabisa na unaiweka pembeni ya mwenzake. Hiyo imefanywa makusudi ili mpya ikigoma uwe na pa kurudi. Kila moja ikishafungwa inaacha vitu hivi kwenye diski:

`/boot/vmlinuz-...` hii ndo keneli yenyewe.
`/boot/initrd.img-...` mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwanza ili keneli ipate draiva za kuifikia diski. Hiki kifaili kikishika tope ndo unaona ule ujumbe wangu wa juu.
`/boot/config-...` na `/boot/System.map-...` hizi hazikuhusu sana.
`/lib/modules/...` folda nzima ya draiva, na hapa ndo ukubwa ulipo, MB mia kadhaa kwa kila keneli.

Namba isomeke hivi, mfano 5.15.0-91-generic: 5.15.0 ni toleo la msingi, 91 ni namba ya Ubuntu wenyewe inayopanda kila wakirekebisha, na generic ni aina, ya kompyuta za kawaida. Namba nitakazotumia humu ni za mashine yangu ya wakati ule, wewe weka zako, tafadhali usikopi kichwakichwa.

Anza kwa kujua una nini

Fungua terminali uandike:

```
uname -r
```

Inakwambia keneli inayoendesha mashine sasa hivi. Sio iliyo mpya zaidi kwenye diski, ni ile iliyowaka. Watu wengi wanachanganya hapa, ameapdeti hajaristati afu anashangaa namba haijabadilika. Ukitaka kuona zote zilizofungwa:

```
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
```

Ile `ii` mwanzoni maana yake imefungwa kamili. Ukiondoa hiyo grep utaona zingine zina `rc`, hizo zilishatolewa zikabaki na mabaki ya mipangilio tu, hazili nafasi ya maana wala hazina madhara. Zikikukera zifute kwa `sudo dpkg --purge` na jina lake.

Mtego mmoja. Ukipanga kwa alfabeti, 5.15.0-100 inakaa juu ya 5.15.0-91 kwa sababu 1 inatangulia 9. Nimeshaona mtu anafuta ya juu kwenye orodha, eti ndo ya zamani, kumbe ndo mpya. Panga kwa njia inayoelewa matoleo:

```
ls /boot/vmlinuz-* | sort -V
```

Hapo ya chini ndo mpya kweli.

Kama terminali inakutisha na unatumia Mint, fungua ile programu ya apdeti, Update Manager, nenda menyu ya View, chagua Linux Kernels. Itakupa orodha, inayotumika imeandikwa, zilizofungwa zimewekwa alama, na vitufe vya kufunga na kutoa. Kwa kazi za kawaida hiyo inatosha kabisa sio lazima ujifanye fundi. Ila siku mashine ikigoma kuwaka hiyo dirisha hutaiona, ndo maana endelea kusoma.

Hakikisha unaweza kuiona menyu ya kuwashia kabla hujaihitaji

Hii ndo hatua naisisitiza kuliko zote. Mashine nyingi zenye mfumo mmoja tu zinaificha menyu ya GRUB, ile programu inayochagua keneli ya kuwasha, inawaka moja kwa moja. Siku ya shida unatakiwa ushike Shift kwenye mashine za zamani zenye BIOS, au ugongegonge Esc kwenye zile za UEFI, na Esc ukizidisha inakutupa kwenye kijisehemu cheusi kilichoandikwa `grub>` ukabaki unatoa macho. Ikikutokea ristati tu ujaribu tena kwa utulivu. Mimi nimeamua kumaliza huo ugomvi mapema, menyu ionekane kila siku kwa sekunde tano, mteja hazioni hizo sekunde.

```
sudo nano /etc/default/grub
```

Tafuta mistari hii uifanye iwe hivi:

```
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5
```

Hifadhi kwa Ctrl+O, Enter, toka kwa Ctrl+X, afu:

```
sudo update-grub
```

Bila hiyo amri ya mwisho hakuna kinachobadilika. Na kama apdeti yako ilikatikia njiani kama yangu, USIENDESHE hii kwanza, shuka chini kwenye sehemu ya keneli iliyozimia. Mimi niliiendesha ikaiokota keneli nusunusu ikaipanga iwe ya kwanza kuwaka, ndo nikapata ile aibu ya asubuhi.

Ristati uangalie. Mstari wa kwanza unawasha keneli mpya kuliko zote, wa pili umeandikwa Advanced options for Linux Mint au for Ubuntu. Ingia humo kwa mshale na Enter, utakuta keneli zako zote, kila moja mara mbili, ya kawaida na ya recovery mode (ya matengenezo). Chagua ya kawaida ya zamani, iwake, fungua terminali, `uname -r`, uone namba imebadilika. Fanya hili zoezi leo wakati huna foleni ya wateja.

Kuchagua keneli ya kuwaka yenyewe

Kuna wakati mpya inawaka lakini ina kisirani, mfano sauti haitoki, au laptopu ikilala haiamki, na wewe hutaki kila asubuhi kushika mishale. Hapo unaiambia GRUB iwashe ya zamani bila kuulizwa.

Njia rahisi ya mtu mvivu, kwenye `/etc/default/grub` weka:

```
GRUB_DEFAULT=saved
GRUB_SAVEDEFAULT=true
```

Afu `sudo update-grub`. Kuanzia hapo keneli utakayochagua kwenye menyu inakumbukwa, inayofuata itawaka hiyohiyo mpaka uchague nyingine. Kwenye diski ya kawaida ya ext4 inaenda poa. Kama ulifunga kwa LVM au Btrfs (njia nyingine za kupanga diski), GRUB haiwezi kuandika kumbukumbu yake wakati wa kuwaka, kwahiyo tumia njia ya pili.

Njia ya pili unataja jina. Kwanza yapate majina kamili:

```
sudo grep -E "menuentry |submenu " /boot/grub/grub.cfg | cut -d "'" -f2
```

Kisha kwenye faili lilelile la mipangilio unaandika jina la menyu ndogo, alama ya `>`, afu jina la keneli, vyote ndani ya alama za nukuu:

```
GRUB_DEFAULT="Advanced options for Linux Mint 21.3 Cinnamon>Linux Mint 21.3 Cinnamon, with Linux 5.15.0-91-generic"
```

Utakutana na maelekezo ya kuandika namba, kama `"1>2"`. Inafanya kazi, ila ikija keneli mpya orodha inasogea na 2 yako inakuwa kitu kingine, kesho unawasha usichokusudia. Jina halisogei. Isipokuwa ukiapgredi Mint yenyewe jina linabadilika, na GRUB ikikosa jina ulilotaja inawasha tu ya kwanza, kwahiyo ukiapgredi rudi uangalie.

Na kama unataka kuijaribu mpya mara moja tu afu irudi kwenye ya kawaida yenyewe, ukiwa na `GRUB_DEFAULT=saved` bila ule mstari wa SAVEDEFAULT:

```
sudo grub-set-default "jina la menyu ndogo>jina la keneli uliyoizoea"
sudo grub-reboot "jina la menyu ndogo>jina la keneli ya kujaribu"
sudo reboot
```

Hii naipenda kwa mashine iliyo mbali. Nina mteja wa huko Bahi mashine yake naiingilia kwa mtandao, ikigoma namwambia azime awashe, inarudi kwenye nzima bila yeye kugusa menyu.

Keneli iliyozimia, unaifufuaje

Turudi kwenye panic yangu. Ujumbe wa `unknown-block(0,0)` mara nyingi maana yake keneli imewaka lakini initrd yake haipo au ni mbovu, kwahiyo haijui hata diski iko wapi. Washa kwa keneli ya zamani kupitia Advanced options, afu angalia:

```
ls -lh /boot
```

Kwangu vmlinuz ya 100, ile keneli mpya, ilikuwepo, initrd.img ya 100 haipo kabisa. Ndo pale umeme ulipokatikia. Matengenezo kwa mpangilio huu:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
```

Ya kwanza inamalizia pakeji zilizoachwa njiani, ya pili inaunganisha zilizokosa wenzake. Mara nyingi inaishia hapo. Angalia tena `/boot`, kama initrd bado haijaonekana itengeneze mwenyewe:

```
sudo update-initramfs -c -k 5.15.0-100-generic
sudo update-grub
```

Hiyo `-c` ni ya kutengeneza upya, kama faili lipo ila unalishuku weka `-u` badala yake. Linganisha ukubwa na initrd za keneli nyingine, zikiwa na makumi ya MB na hii ina sifuri au kidogo sana, bado kuna tatizo, na cha kwanza kuangalia ni nafasi ya diski.

Keneli mpya imewaka, waifai imekufa

Hii nadhani ndo malalamiko namba moja ninayoletewa hapa dukani, kijana anakuja na laptopu, "kaka nimeapdeti tu waifai imepotea". Swali langu la kwanza siku zote, je ukiwasha keneli ya zamani inarudi? Ikirudi, kadi ni nzima, draiva ndo haijajengwa kwa keneli mpya.

Draiva nyingi zinakuja ndani ya keneli. Ila chache, kama za kadi fulani za Broadcom, za Nvidia, na ile ya VirtualBox, zinakaa nje na zinatakiwa kujengwa upya kwa kila keneli. Kazi hiyo inafanywa kimyakimya na kitu kinaitwa DKMS, na ili ijenge inahitaji heda (mafaili ya kujengea draiva) za keneli hiyohiyo. Heda hazipo, hakuna kujenga, na haitapiga kelele mpaka uone ikoni ya waifai imepotea. Angalia:

```
dkms status
```

Ukiona keneli ya 91 imeandikwa installed na ya 100 haimo kabisa au imeishia added, umempata mwizi. Dawa:

```
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall
```

Fanya ukiwa umewasha ile keneli yenye tatizo. Sasa utasema intaneti nitaitoa wapi na waifai imekufa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa mtandao kwa USB sio hotspoti, kompyuta itaiona kama waya wa mtandao na utadaunlodi. Au washa ya zamani, funga heda za mpya kwa kutaja namba yake, urudi.

Kama hata kadi zisizo za Broadcom hazionekani na sauti nayo imepotea, angalia kama `linux-modules-extra` ya keneli hiyo ipo. Kwenye Ubuntu draiva nyingi za waifai na sauti zimewekwa kwenye hiyo pakeji, na mtu akifunga linux-image peke yake kwa mkono anaikosa.

Kufagia zilizozidi

Ukiziacha zitajazana. Njia ya salama ni hii:

```
sudo apt autoremove --purge
```

Inalinda inayoendesha mashine muda huo na zile mpya za mwisho, zingine inatoa. Soma orodha kabla ya kubonyeza Y, ukiona inataka kutoa na vitu vingine usivyovijua bonyeza N utulie. Mint ina sehemu kwenye Preferences, Automation, ya kufanya hili lenyewe, mimi nimeizima kwa sababu zangu.

Sababu zenyewe ni kwamba ile "zamani iliyopimwa" mfumo hauijui. Wewe ndo unajua kwamba 91 imekaa miezi mitatu bila neno. Zikija mpya mbili tatu mfululizo, 91 inaweza kufagiwa na ukabaki na mpya tupu. Kwahiyo ile unayoiamini iweke alama kwamba umeitaka mwenyewe:

```
sudo apt-mark manual linux-image-5.15.0-91-generic linux-modules-5.15.0-91-generic linux-modules-extra-5.15.0-91-generic
```

Autoremove haigusi kitu chenye alama hiyo. Ukipata nyingine ya kuamini, iweke hiyo alama, na hii ya zamani unairudisha kwa `apt-mark auto`.

Ukitaka kutoa moja kwa mkono, taja zote za familia yake kwa mara moja, na anza na `-s` ambayo inaigiza tu bila kufanya:

```
sudo apt -s purge linux-image-5.15.0-84-generic linux-modules-5.15.0-84-generic linux-modules-extra-5.15.0-84-generic linux-headers-5.15.0-84-generic linux-headers-5.15.0-84
```

Ukiridhika unaondoa `-s`. Kwa nini zote pamoja? Kwa sababu ukitoa linux-image peke yake, modules-extra inayobaki inadai keneli, na apt kwa utiifu wake inakuletea `linux-image-unsigned` ya namba ileile. Yaani umefuta, bando limekatwa, na keneli bado ipo. Mara ya kwanza nilifuta na kuiona inarudi nikadhani nimerogwa.

Na mtego mwingine, huu ni wa hatari. Ukijaribu kutoa keneli inayoendesha mashine sasa hivi, inatokea skrini inakuonya na kuuliza `Abort kernel removal?` Mtu akiona Yes anadhani ndo kukubali kufuta. Hapana, soma vizuri, inauliza "nisitishe kufuta?", Yes ni kusitisha, No ndo inafuta. Bonyeza Yes, angalia `uname -r`, ujiulize ulikuwa unafanya nini.

Usifute kwa `rm` (amri ya kufuta faili) ndani ya `/boot`. Mfumo utaendelea kuamini pakeji ipo na apdeti zijazo zitakuletea matatizo.

/boot imejaa

Hii inawakuta waliofunga na diski iliyofungwa kwa siri, ile encryption, kwa sababu hapo `/boot` inakuwa patisheni yake peke yake, ndogo. Angalia kwa `df -h /boot`. Ikifika asilimia 100 apdeti inafia njiani na `No space left on device`, na apt inakataa hata kutoa kitu mpaka umalize kilichokwama, na kilichokwama hakimaliziki bila nafasi. Unatokea hivi: chagua keneli ya zamani kabisa ambayo SIO inayotumika sasa wala sio uliyoiamini, toa initrd yake tu:

```
sudo update-initramfs -d -k 5.15.0-84-generic
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
```

Nafasi ikipatikana kilichokwama kinamalizika, kisha unaitoa hiyo 84 kwa njia ya juu ili kusibaki kiporo. Utakuta ushauri wa kuweka `MODULES=dep` kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` ili initrd ziwe ndogo. Zinakuwa ndogo kweli, ila zinabeba draiva za mashine hiyo tu. Mimi diski zangu nazihamisha mashine moja kwenda nyingine ikiungua pawasapulai, kwahiyo sithubutu.

Kuzuia keneli mpya isije

Kama uko kwenye msimu wa kazi, kwangu ni pale wanachuo wanapokusanya ripoti za utafiti, unaweza kufunga mlango kwa muda:

```
sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic
apt-mark showhold
```

Kazi ikiisha fungua kwa `unhold`. Usisahau, kwa sababu keneli nyingi zinazokuja ni za kuziba matundu ya usalama, na mashine ya steshenari inayochomekewa flashi za mtaa mzima sio ya kuachwa wazi miezi sita.

Kinyume chake, kama una mashine mpya na 5.15 haitambui waifai au kioo kinachezacheza, Ubuntu 22.04 ina mkondo mwingine wa keneli mpya zaidi, HWE, uliofika mpaka 6.8:

```
sudo apt install linux-generic-hwe-22.04
```

Inakaa pembeni ya 5.15, haifuti. Ijaribu wiki moja, ikikataa unawasha ya zamani. Ila keneli za kushusha mwenyewe za mainline, zile zisizopitia Ubuntu, hazina sahihi, na kama Secure Boot, ulinzi unaokataa keneli zisizo na sahihi, imewashwa hazitawaka. Kwa mashine ya kazi sioni sababu ya kuzigusa.

Neno kuhusu bando

Keneli moja na familia yake mara nyingi inazidi MB 100 kushusha, na mimi nina mashine tatu zinazofanana. Kushusha mara tatu ni kutupa hela. Nashusha kwenye moja kwa `apt-get`, sio `apt`, kwa sababu apt ikimaliza kufunga inafuta mafaili yaliyoshushwa na apt-get inayaacha:

```
sudo apt-get update
sudo apt-get dist-upgrade --download-only
```

Afu nakopi mafaili ya `.deb` kutoka `/var/cache/apt/archives` kwenye flashi, nayapeleka folda hiyohiyo kwenye zile mbili, naendesha `apt-get update` ambayo ni kidogo, na `apt-get dist-upgrade` inakuta kila kitu kipo haishushi tena. Na kufunga nafunga mmoja mmoja, mashine ya kwanza ikae siku tatu nne ikifanya kazi ndo naenda ya pili. Sikuhizi na UPS nimenunua, ndogo ya kushika dakika kumi, inatosha kumalizia initrd.

Kwa wenye Fedora, Linux ya aina nyingine, hesabu ya keneli zinazobakizwa iko kwenye `/etc/dnf/dnf.conf`, mstari wa `installonly_limit`, kawaida ni 3, na kuchagua ya kuwaka ni `sudo grubby --set-default` na njia ya vmlinuz. Arch, nayo Linux nyingine, haibakizi ya zamani kabisa, mpya inafuta ya jana, kwahiyo huko funga `linux-lts` iwe pembeni ya `linux` na uiweke kwenye menyu.

Kitu cha mwisho ninachofanya hakihitaji terminali. Kila mashine ina kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu juu ya kasha, naandika kwa maka peni keneli iliyopimwa na tarehe, ili hata dogo anayenishikia duka nikienda Mvumi ajue ashuke kwenye mstari upi wa menyu. Ya mashine namba mbili imeshakatwakatwa mistari na kuandikwa juu mara tano, mstari wa kwanza kabisa bado unasomeka 91, na yule mama wa zabibu kila akija kuskani anaiangalia afu ananiuliza, "Leo haijazimia?"